Kwa nini namba tasa hazipendi kurudia tarakimu ya mwisho

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha hisabati sekondari. Niliwapa Kidato cha Pili kazi ya kutafuta namba tasa zote zilizo chini ya 200 kwa chujio la Eratosthenes. Mwanafunzi mmoja akauliza mbona inayoishia na 1 karibu kamwe haifuatwi na nyingine inayoishia na 1. Tukahesabu darasa zima. Kuanzia 7 hadi 199 kuna jozi 42 za namba tasa zinazofuatana, na zenye tarakimu ya mwisho inayofanana ni mbili tu: 139 na 149, kisha 181 na 191. Nikamwambia hizo bado ni namba ndogo, tukienda mbele mambo yatasawazika. Nilimjibu sawa? Na kama kweli kuna mpangilio, je, mtu hawezi kuutumia kuvunja siri za benki?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako ameona kitu halisi. Wewe nawe hukukosea, maana hatimaye yanasawazika, au angalau hivyo ndivyo kila dalili inavyoonyesha. Tatizo ni hilo neno "hatimaye". Usawa huo unakuja polepole kuliko anavyotarajia mtu yeyote mwenye akili timamu, na sababu ya upole huo ndiyo sehemu tamu ya hadithi hii.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Ukiacha 2 na 5, kila namba tasa inaishia na 1, 3, 7 au 9. Mwanahisabati Dirichlet alithibitisha mwaka 1837 kwamba kila moja ya tarakimu hizo nne inapata namba tasa zisizo na mwisho, na mwaka 1896 mwanahisabati mwingine, de la Vallée Poussin, akathibitisha kwamba zinagawana sawasawa: robo, robo, robo, robo. Hapo hakuna mjadala. Chukua namba tasa milioni 100 za mwanzo, ukiacha 2 na 5. Zinazoishia na 1 ni 24,999,437 na zinazoishia na 7 ni 25,000,401. Tofauti haifiki hata elfu moja katika milioni 25. Kama swali lingekuwa "tarakimu gani inatokea mara nyingi zaidi?", jibu lingekuwa fupi: zote sawa.

Mwanafunzi wako hakuuliza hivyo. Ameuliza nani anamfuata nani. Sasa tazama hesabu ya namba tasa hizohizo milioni 100, safari hii kwa jozi zinazofuatana:

Baada ya 1: inakuja 1 mara 4,623,042, 3 mara 7,429,438, 7 mara 7,504,612, 9 mara 5,442,345.
Baada ya 3: inakuja 1 mara 6,010,982, 3 mara 4,442,562, 7 mara 7,043,695, 9 mara 7,502,896.
Baada ya 7: inakuja 1 mara 6,373,981, 3 mara 6,755,195, 7 mara 4,439,355, 9 mara 7,431,870.
Baada ya 9: inakuja 1 mara 7,991,431, 3 mara 6,372,941, 7 mara 6,012,739, 9 mara 4,622,916.

Kama tarakimu ya namba tasa inayofuata isingejali ile iliyotangulia, kila kisanduku kingekuwa na kama milioni 6.25. Badala yake, 9 inafuatwa na 1 karibu mara milioni 8, na inafuatwa na 9 mwenzake mara milioni 4.6 tu. Na hapa si chini ya 200 tena. Namba tasa ya milioni 100 ni 2,038,074,743.

Hesabu hizi zilitangazwa Machi 2016 na wanahisabati wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Robert Lemke Oliver na Kannan Soundararajan. Kilichomwamsha Soundararajan ni mhadhara wa mwenzake Tadashi Tokieda kuhusu kurusha sarafu. Ukirusha sarafu mpaka upate picha kisha namba mfululizo, kwa wastani utarusha mara 4. Ukitaka picha mara mbili mfululizo, utahitaji wastani wa mara 6, ingawa kila tokeo la mirusho miwili lina nafasi sawa ya robo. Soundararajan akajiuliza kama jozi za namba tasa nazo zina ujanja wa aina hiyo. (Hazina. Sababu ni tofauti kabisa. Lakini swali bovu wakati mwingine hufungua mlango mzuri.) Lemke Oliver akaandika programu iliyokagua namba tasa bilioni 400 za mwanzo, na upendeleo ukabaki palepale. Kwa haki ya historia, Avner Ash na wenzake watatu walikwisha kuandika kuhusu jambo hili mwaka 2011, ila halikupata masikio mengi. Nashangaa zaidi kwamba lilichelewa hivyo, maana ni hesabu ambayo kompyuta yoyote ya miaka ya 1970 ingeweza kuigusa.

Maelezo ya kwanza yanayomjia kila mtu ni haya, na huenda wanafunzi wako watayatoa wenyewe. Fikiria daladala inayozunguka vituo vinne: 1, 3, 7, 9, kisha 1 tena. Umeshuka kituo cha 1 na unatafuta namba tasa inayofuata. Utapita kwanza kituo cha 3, halafu 7, halafu 9, ndipo urudi 1. Kila kituo kina nafasi yake ya kukupa namba tasa, kwa hiyo kilicho mbali zaidi, yaani ulichotoka, ndicho kinachopata mabaki ya wenzake. Hakuna miujiza.

Maelezo haya yana ukweli, lakini tusiyaachie yapite bila kuyapima kwa namba. Karibu na bilioni 2, logarithi asilia ni kama 21.4, maana yake takriban namba moja katika kila 21.4 ni tasa, hivyo kati ya namba zinazoishia na 1, 3, 7 au 9, takriban moja katika kila nane na nusu ni tasa. Ukikokotoa kwa kuchukulia kwamba kila kituo ni bahati nasibu isiyojali vingine, kituo cha kwanza kinapata takriban asilimia 30, cha pili 26, cha tatu 23, na kurudi ulikotoka kunapata 20 na nusu hivi. Linganisha na ukweli. Kutoka 1 kurudi 1 ni asilimia 18.5. Kutoka 3 kurudi 3, au 7 kurudi 7, ni asilimia 17.8. Pengo la asilimia mbili au tatu linaonekana dogo, lakini katika jozi milioni 25 ni mamia ya maelfu. Bahati haikosei kiasi hicho.

Daladala ina kosa lingine baya zaidi. Inasema kutoka 1 kwenda 3 lazima kuwe kwingi kuliko kutoka 1 kwenda 7. Jedwali linakataa: 7 inaongoza, 7,504,612 dhidi ya 7,429,438. Vivyo hivyo kutoka 3, kituo cha pili (9) kinakishinda cha kwanza (7). Na kutoka 7, kituo cha tatu (3) kinakishinda cha pili (1). Kuna mkono mwingine unaosukuma.

Mkono huo ni 3. Chukua namba tasa yoyote p iliyo kubwa kuliko 3. Ukiigawa kwa 3, baki ni 1 au 2. Ongeza 2: nusu ya wakati jibu linagawanyika kwa 3 na nafasi imekufa. Ongeza 4: hivyo hivyo. Lakini ongeza 6, na baki halibadiliki. P + 6 haiwezi kamwe kuuawa na 3. Ndiyo maana jozi za namba tasa zinazoachana kwa 6 zinatarajiwa kuwa mara mbili ya zile zinazoachana kwa 2. Wanahisabati Hardy na Littlewood waliandika kanuni kamili ya uzito huu mwaka 1923: kila pengo linapewa alama yake kulingana na namba tasa zinazoligawa. Pengo linalogawanyika kwa 3 linaongezewa mara 2, linalogawanyika kwa 5 linaongezewa mara 4/3, kwa 7 mara 6/5, na kuendelea.

Rudi kwenye jedwali ukiwa na pengo la 6 mkononi. Kutoka 1, pengo la 6 linakupeleka 7. Kutoka 3 linakupeleka 9. Kutoka 7 linakupeleka 3. Hizo ndizo sehemu tatu hasa ambapo daladala ilikosea. Kutoka 9, pengo la 6 lingekupeleka kwenye 5, kituo kisichokuwepo, kwa hiyo abiria wote wa njia hiyo wanagawanywa kwingine, na 1 (inayofikiwa kwa pengo la 2, na pia la 12) inavuna hadi asilimia 32. Ukiwaonyesha wanafunzi jambo moja tu kutoka barua hii, waonyeshe hili. Linathibitishika kwa karatasi na kalamu.

Kuna kitu kingine wanaweza kukigundua wenyewe kwenye jedwali. 1 kwenda 3 ni 7,429,438, na 7 kwenda 9 ni 7,431,870. 3 kwenda 1 ni 6,010,982, na 9 kwenda 7 ni 6,012,739. 7 kwenda 1 na 9 kwenda 3 nazo zimekaribiana hivyo hivyo. Sababu ni kwamba kanuni ya Hardy na Littlewood inaangalia pengo tu, haijali unasoma mstari wa namba kwenda mbele au kurudi nyuma. Geuza mstari, weka alama ya kutoa mbele ya kila namba, na tarakimu 1 inageuka 9, 3 inageuka 7. Jozi ya 1 na 3 ikisomwa hivyo inakuwa jozi ya 7 na 9.

Sasa tufike kwenye kiini. Wacha tuhamie mabaki ya kugawa kwa 3, ambako kuna mabaki mawili tu, 1 na 2, na kumi ya vidole vyetu haina nafasi yoyote ndani yake. (Wapo waliosoma habari hii mwaka 2016 wakadhani ni mchezo wa tarakimu. Sivyo, upendeleo upo kwa kila kigawanyo.) Katika namba tasa milioni moja za mwanzo, baki 1 linafuatwa na 1 mara 215,873, baki 2 linafuatwa na 2 mara 216,213, na mabadiliko, 1 kwenda 2 na 2 kwenda 1, ni 283,957 kila moja. Usishangae hizo mbili kulingana kabisa: huwezi kutoka 1 kwenda 2 mara ya pili kabla hujarudi 1, kwa hiyo haziwezi kupishana zaidi ya moja.

Hapa pengo la 6 linapaswa kusaidia marudio, maana linaacha baki la 3 vilevile. Na bado marudio yanashindwa vibaya! Kwa nini?

Jibu la Lemke Oliver na Soundararajan liko kwenye jumla ya alama za Hardy na Littlewood. Ukizijumlisha kwa mapengo yote hadi urefu fulani H, ungetegemea upate H kamili, kwa sababu kwa wastani alama ni 1. Unapata pungufu kidogo: upungufu unaokua kama nusu ya logarithi ya H. Ni kiasi kidogo, na kwa maswali mengi ya namba tasa watu wamekuwa wakikipuuza. Walichogundua wawili hawa ni kwamba upungufu huo haugawanywi sawa kwa mapengo yote. Ukigawa kwa 3, unaangukia mapengo yanayogawanyika kwa 3. Ukigawa kwa 10, unaangukia mapengo ya 10, 20, 30, yaani yaleyale yanayorudisha tarakimu ya mwanzo. Marudio peke yake ndiyo yanayolipa deni lote.

Kutoka hapo walipata kisio, yaani dai lenye sababu nzuri lakini lisilothibitishwa bado. Kwa kigawanyo cha 3, sehemu ya marudio ni robo ikipunguzwa, na sehemu ya mabadiliko ni robo ikiongezwa, kwa sehemu hii ya robo hiyo: chukua logarithi asilia ya x, namba unayoishia kuhesabu, iite L, zidisha L kwa mara mbili ya pai, gawa kwa 3, tafuta logarithi ya jibu, kisha gawa kwa 2L. Kwa namba tasa ya milioni moja, ambayo ni 15,485,863, L ni kama 16.56 na kiasi kinatoka asilimia 10.7. Hiyo inabashiri mabadiliko karibu 277,000 kwa kila upande. Hesabu halisi ni 283,957, yaani asilimia 13.6 juu ya robo. Fomula fupi inakamata sehemu kubwa ya upendeleo na kuacha mkia. Wenyewe waliongeza viwango vidogo zaidi na mkia ukapungua.

Angalia umbo la kiasi hicho, mwalimu, kwani ndilo linalojibu swali lako la kwanza. Kule kwenye daladala, upendeleo ungepungua kama 1 ikigawanywa kwa L. Hapa kiasi hicho kinazidishwa pia kwa logarithi ya L. Hivyo katika x kubwa sana upendeleo halisi unaupita ule wa daladala mara nyingi kadiri utakavyo, hata kama vyote viwili vinaelekea sifuri. Na vinaelekea kwa uvivu wa ajabu. Weka x yenye tarakimu kama 100 kwenye fomula ileile: bado upendeleo ni asilimia 1.3. Weka tarakimu 1,000: asilimia 0.18. Ulipomwambia mwanafunzi "tukienda mbele", mbele yenyewe ni huko.

Kipi kimethibitishwa katika yote haya? Kidogo kuliko mtu anavyodhani. Jedwali ni hesabu, halina ubishi. Kisio la mwaka 2016 limejengwa juu ya kisio la Hardy na Littlewood la 1923, na hilo lenyewe halijathibitishwa hata kwa pengo la 2, yaani kwamba namba tasa pacha hazina mwisho. Kilichothibitishwa kinaenda upande unaofurahisha: mwaka 2000 D. K. L. Shiu alithibitisha kwamba kuna mifuatano mirefu kadiri upendavyo ya namba tasa zinazofuatana zote zenye baki lilelile. Kwa hiyo mahali fulani kuna namba tasa elfu moja mfululizo, zote zinaishia na 1, bila nyingine kuingia katikati. Kuwa adimu hakumaanishi kutokuwepo.

Usichanganye jambo hili na upendeleo wa Chebyshev wa mwaka 1853, kwa sababu vitabu vingi vinautaja na wanafunzi wakitafuta habari watakutana nao. Ule unahusu nani anaongoza katika hesabu ya jumla: zenye baki 3 zikigawanywa kwa 4 huwa mbele kidogo ya zenye baki 1, na uongozi unabadilika kwa mara ya kwanza kwenye 26,861. Ni upendeleo mwembamba sana. Huu wa jozi ni mkubwa kiasi kwamba darasa lako limeuona chini ya 200.

Kuhusu benki, lala usingizi. Usimbaji wa RSA, mojawapo ya njia za kulinda siri za mtandaoni, unategemea namba tasa mbili kubwa zinazochaguliwa kwa bahati nasibu, na namba tasa mojamoja hazina upendeleo wa tarakimu wa kumsaidia mwizi. Usawa wa robo robo umethibitishwa. Upendeleo tunaozungumzia unahitaji ujue namba tasa moja kisha ubashiri iliyo jirani yake kabisa, na hata hapo unachopata ni dokezo dogo kuhusu tarakimu moja. Namba za RSA zina mamia ya tarakimu. Ugumu wa kuvunja uko kwenye kutafuta vigawo vya zao lao, na hakuna kilichoguswa huko.

Kama unataka kuendelea na darasa, usirudie kumi. Wape kigawanyo cha 7. Mabaki ni sita, 1 hadi 6, kwa hiyo jedwali lina visanduku 36, na namba tasa zilizo chini ya 10,000 zinatosha kuona umbo: ziko 1,229, na mkigawana kurasa inawezekana bila kompyuta. Kabla hawajahesabu, wabashiri kwanza. Pengo la 6 kwenye kigawanyo cha 7 linashusha baki kwa moja: 5 inakwenda 4, 4 inakwenda 3. Je, visanduku hivyo vitavimba? Kutoka 1, pengo la 6 linagonga 0, ambayo ni marufuku kwa namba tasa yoyote baada ya 7 yenyewe; waulize wanaotoka 1 watakimbilia wapi, na kwa pengo gani. Marudio yanahitaji pengo la 14 au zaidi, na katika namba ndogo kiasi hiki mapengo hayo bado ni machache, hivyo kisanduku cha marudio kitakuwa chembamba kwa sababu ya daladala tu. Upungufu wa Hardy na Littlewood hautatenganishika nacho. Kuutenganisha kunahitaji mamilioni, na hapo ndipo mwenye kompyuta na lugha ya programu ya Python aandike chujio hadi 15,485,863 na kulinganisha majibu yake na zile namba nne za kigawanyo cha 3 nilizoandika juu. Katika milioni hiyo Lemke Oliver na Soundararajan walihesabu jozi milioni moja kamili, hivyo akianza na kuishia mahali tofauti anaweza kupishana kwa moja au mbili. Akipishana kwa zaidi, kosa liko kwenye programu.